Hosteli Nairobi: Maswali Mafresha Wananiuliza Kila Mwaka

Kila mwaka KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, wakishatoa majina ya nani ameitwa wapi, simu yangu inaanza kujaa na maswali ya mafresha, yaani wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Watoto wa majirani, mabinamu, mara mama wa mtu ambaye hata simjui amepewa namba yangu kanisani. Na maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyaandika yote hapa. Nimesoma Nairobi miaka minne, nimekaa ndani ya kampasi, nimekaa nje, nimeshea chumba na watu watatu na kuna siku nilihama saa mbili usiku na godoro kichwani. Mdogo wangu wa mwisho pia nimemtafutia hosteli mwenyewe juzi tu. Soma pole pole, na kama mzazi ndiye analipa basi msomee pia.

Nichukue hosteli ya chuo ama nitafute ya nje?

Mwaka wa kwanza, ukipata ya chuo chukua. Najua vyumba vingine vimezeeka, foleni ya bafu asubuhi iko, na kelele za wikendi ziko, lakini wewe hujui Nairobi bado na ukiwa ndani ya kampasi darasa la saa moja asubuhi unaamka saa kumi na mbili na nusu na unafika, laibrari unatoka usiku na unatembea dakika kumi ndani ya geti lenye askari. Pesa unalipa mara moja kwa semista na umemalizana nayo. Tena watu wa kozi yako wako mlango wa pili, ukikosa noti ama ukishindwa na asaimenti hautumi meseji unagonga tu.

Ya nje ina raha yake, unapika unavyotaka, unalala ukiwa peke yako kama unaeza kulipa, hakuna mtu wa kukuambia mgeni atoke. Lakini hiyo raha utaikuta mwaka wa pili ukiwa unajua mitaa na unajua watu. Kila mtu namjua alianzia nje bila kujua mji alihama angalau mara moja kabla mwaka uishe.

Nafasi ya ndani inapatikana aje?

Kwa potali ya wanafunzi, na inaisha haraka sana. Ukishapata barua ya kujiunga na namba yako ya usajili, ingia kwa potali siku hiyo hiyo uone kama maombi ya chumba yamefunguliwa, usingoje siku ya kuripoti ndio uulize. Vyuo vingi vikubwa havina vitanda vya kutosha wanafunzi wote, mafresha mara nyingi wanapewa kipaumbele lakini hiyo haimaanishi kuna kitanda kinakungoja na jina lako.

Chumba cha chuo hakiuzwi na mtu binafsi. Siku za kuripoti kuna vijana wanasimama pale wakikuambia wana rumu, tuma elfu mbili nikushikie. Usitume. Malipo ya halali yanapita kwa akaunti ya chuo na yanaonekana kwa potali yako, kama hayaonekani hapo basi hujalipa.

Nimeitwa UoN, nitafute hosteli ya town si ndiyo?

Ngoja kwanza! Hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Chuo Kikuu cha Nairobi hakiko mahali pamoja. Kampasi kuu iko pale University Way, sayansi wako Chiromo, biashara wako Lower Kabete, kilimo na udaktari wa mifugo wako Upper Kabete, sheria Parklands, ualimu kuna Kikuyu ambayo hata ni kaunti ya Kiambu, na wa udaktari wa binadamu wanaanzia Chiromo kabla ya kwenda upande wa hospitali ya Kenyatta. Ukilipia kitanda Ngara na masomo yako ni Kikuyu, kila siku utakuwa unapanda matatu ya 105 kwenda na kurudi, na jioni Waiyaki Way ikifunga unafika hosteli saa tatu ukiwa umechoka kama mtu wa mjengo.

Rafiki yangu alifanya hivyo kabisa. Babake alitoka Bungoma akalipa semista nzima hapo Ngara ju aliambiwa ni karibu na yunivasiti. Kumbe kijana ni wa Kikuyu. Pesa haikurudi. Angalia barua yako imeandika kampasi gani, kama haijaandika piga simu idara ya kozi yako uulize madarasa ya mwaka wa kwanza yanafanyiwa wapi, halafu ndio utafute.

Hosteli za nje ziko mitaa gani?

Inategemea chuo. Wa kampasi kuu ya UoN na wa Technical University wengi wako Ngara na Pangani, wa Chiromo wanaeza kutembea kutoka Ngara wakipitia Kipande Road na Museum Hill ama wakae Westlands kama mfuko unaruhusu. KU (Kenyatta University) wako Kahawa Wendani, Kahawa Sukari na Githurai, wengine wanasogea mpaka Ruiru. USIU ni Roysambu, Mirema, Zimmerman na Kasarani. Strathmore ni Madaraka yenyewe, Siwaka, Nairobi West na South C. Multimedia na CUEA wengi wanaenda Rongai, na huko nikuambie tu ukweli, maisha ni rahisi lakini Magadi Road asubuhi itakufundisha subira. JKUAT sio Nairobi ni Juja, na Juja mji mzima ni kama hosteli moja kubwa, hapo utachagua mpaka uchoke.

Kuna pia zile hosteli za kisasa zimejengwa na kampuni, kama Qwetu, ziko na waifai, jim, soja mlangoni masaa yote. Ni safi kweli. Bei yake iko juu ya hosteli za kawaida kwa mbali sana, kwa hivyo keti na mzazi mpige hesabu ya mwaka wote, sio ya mwezi wa kwanza.

Hesabu yenyewe inapigwa aje?

Watu wanalinganisha rent na rent, na hapo ndipo wanakosea. Linganisha semista na semista, na uweke kila kitu.

Tuseme umepata kitanda cha kushea karibu na chuo kwa 7,500 kwa mwezi. Semista ni kama miezi minne, hiyo ni 30,000. Rafiki yako anakuambia kuna bedsita (chumba kimoja cha kujitegemea) ya 5,500 mtaa wa mbali, umeokoa 8,000 sindio? Weka nauli sasa. Shilingi 60 kwenda na 60 kurudi ni 120 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 15, hiyo ni 9,000. Tayari ya mbali imekushinda, na bado hujaweka siku za mvua ambapo nauli ya 60 inageuka kuwa mia na hakuna mtu wa kumlalamikia. Ongeza tokeni za stima, maji kama yanalipiwa kando, takataka, waifai. Bedsita pia inakuja tupu, kitanda wewe, pazia wewe, meko wewe.

Halafu kuna likizo, watu wanaisahau hii. Uliza kama unalipa miezi ya masomo tu ama miezi 12. Hosteli zingine zinakuachia vitu vyako likizo bure, zingine zinataka nusu, na nyumba ya kawaida ya kupanga landilodi hajui mambo ya semista, mwezi ukiisha anataka yake hata kama uko Kitale ukilima na wazazi.

Niko mbali, sijawahi fika Nairobi. Nimeona hosteli poa sana Fesibuku, nitume depositi?

Hapana. Hata kama anakuambia imebaki moja. Hasa kama anakuambia imebaki moja.

Picha zinaibwa kutoka kwa hosteli nyingine, mtu anaweka namba yake, anakula depositi za watoto wa watu kumi halafu anazima laini. Kama huwezi kuja, tafuta mtu yeyote aliye Nairobi, hata kama ni mtoto wa mwalimu wako wa zamani, aende asimame ndani ya hicho chumba akupigie video ukiwa laini, umwambie afungue bomba, afungue dirisha, atoke nje akuonyeshe geti na barabara. Ukikosa mtu kabisa, njoo siku mbili tatu kabla ya kuripoti na ulale kwa ndugu ama kwa hosteli ya kanisa, utafute ukiwa hapa. Nauli ya kuja mapema ni ndogo kuliko depositi ya kupotea.

Na ukilipa, lipa kwa till ama paybill ya M-Pesa yenye inasoma jina la hosteli, sio namba ya simu ya keateka (mtunza nyumba). Risiti iandikwe jina lako, namba ya chumba, pesa ngapi ni rent na ngapi ni depositi. Depositi inarudi lini na kwa masharti gani, waandike hapo hapo.

Nikienda kuona chumba niangalie nini?

Hapa nitakaa kidogo ju ndio kazi yenyewe.

Anza na maji. Nairobi maji yanakuja kwa mgao, mengi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a na kila mtaa una siku zake. Keateka akikuambia maji iko saa zote, sawa, mwambie akuonyeshe tangi ni kubwa aje na kama kuna bohol (kisima cha kuchimbwa). Panda mpaka orofa ya juu kabisa ufungue bomba huko, maana chini yanaeza kutoka vizuri na wa orofa ya tano wanabeba kwa mtungi. Ukiona kila mlango uko na mitungi mitatu ya lita 20 nje, hao wapangaji wameshakujibu.

Rudi usiku. Najua ni kusumbuka lakini chumba chenye umeona saa sita mchana hukijui. Nenda saa moja na nusu jioni, tembea ile njia utakuwa unatumia kutoka stage ama kutoka geti la chuo mpaka mlangoni. Taa ziko? Kuna watu, mama mboga, vibanda vimefungua? Njia yenye watu na vibanda ni bora kuliko njia fupi ya giza. Usiku pia ndio utajua kama jirani ni klabu ama kanisa la kesha.

Angalia milango ya kutokea. Hosteli nyingi zimefungwa grili kila dirisha kwa sababu ya wezi, vizuri, lakini moto ukianza mnatoka wapi? Aprili 2015 pale kampasi ya Kikuyu stima ililipuka usiku, ilikuwa siku chache tu baada ya shambulizi la Garissa, wanafunzi wakadhani wamevamiwa wakaanza kuruka kutoka orofa za juu, mmoja alikufa na zaidi ya mia wakaumia. Kwa hivyo uliza ngazi ya pili iko wapi, geti la chini likifungwa usiku nani ana funguo na analala wapi. Kama jibu ni keateka anaishi mtaa mwingine, toka.

Kunguni. Inua godoro, angalia viungo vya kitanda hasa cha mbao, madoa meusi madogo kama nukta za kalamu ndio alama yao. Wanaeza kukaa miezi bila kula wakikungoja wewe, na ukishawabeba kwa begi unawapeleka mpaka kwa mama nyumbani.

Mwisho, ongea na wanaoishi hapo keateka akiwa mbali. Swali moja linatosha: semista ijayo utakuwa hapa? Mtu akicheka kabla ya kujibu, umejua.

Usiku usalama ukoje?

Nairobi ni mji wa kawaida lakini ina mahali pake. Wa Ngara, ile njia ya Globe (raundiabauti kati ya town na Ngara) ukichelewa town usiipite kwa miguu na simu mkononi, panda gari hata kama ni mwendo mfupi. Wa Thika Road, ile barabara ina leni nane na magari yanakimbia, tumia daraja la juu kila mara, hata kama umechelewa na hata kama unaona watu wanaruka. Laptopu ibebe kwa begi isiyoonekana ni ya laptopu. Na wiki ya kwanza msitembee mmoja mmoja.

Tunaruhusiwa kupika?

Hosteli za chuo mara nyingi hapana, na kila mtu anajua wako na koili (jiko dogo la umeme) chini ya kitanda. Sitakuambia kila mtu anafanya kwa hivyo fanya. Nyaya za majengo ya zamani hazikuwekwa kwa koili ishirini kwa wakati mmoja, na ukishikwa unaeza kupoteza chumba. Mesi ya chuo ni rahisi na inashibisha, na nje ya kila kampasi kuna kibanda cha chapo madondo.

Ukiwa nje, meko ya gesi ya kilo 6 inakutosha, iweke karibu na dirisha. Na tafadhali sana, jiko la makaa lisiingie chumbani kwa sababu yoyote. Julai Nairobi ni baridi kweli, tuko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mtu anaona aingize jiko apate joto kidogo, anafunga dirisha, analala. Ule moshi usioonekana hauna harufu na hauamshi mtu. Nunua blanketi la pili.

Nishee na nani?

Kama ni ndani ya kampasi utapangiwa, ukiwa nje unachagua. Wengi wanakimbilia rafiki wa sekondari. Inaeza kwenda vizuri, lakini urafiki wa shule hamkuwa mnagawana tokeni. Ongeeni kabla: nani analipa nini na tarehe gani, wageni wanalala ama hawalali, mtu wa kusoma usiku na mtu wa kulala saa tatu mtafanya aje na taa. Mimi rumeti wangu bora kabisa alikuwa mgeni kabisa kutoka Taita, hatukuwa na kitu tunafanana isipokuwa sote tulikuwa tunalipa kwa wakati na kuosha sufuria.

Pairati ni nini, na ni makosa?

Pairati ni yule analala kwa chumba cha mtu bila kusajiliwa, mnashea kitanda kimoja wawili ama analala chini. Kwa sheria za chuo ni makosa, wewe mwenye chumba ndiye unaadhibiwa. Lakini pia najua wengi wanafanya hivyo kwa sababu pesa ya HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) imechelewa na hawana pa kwenda, sio kwa ujanja. Mtu wako akikwama msaidie wiki moja na umpeleke ofisi ya masilahi ya wanafunzi, wakati mwingine kuna vitanda vya watu ambao hawakuripoti na hakuna mtu ameuliza. Usikubali semista nzima, hamtasoma nyote wawili.

Mama anasema nikae kwa shangazi Kayole, ni bure.

Kama masomo ni town na shangazi mnaelewana, semista moja inaeza kuokoa pesa nyingi. Lakini muulize shangazi mwenyewe, usiachie mama amuulizie, na umuulize anatarajia nini. Wengine mwanafunzi anageuka kuwa wa kuangalia watoto, anafika nyumbani saa mbili na kuna vyombo vinamngoja, kesho ana CAT (mtihani mdogo wa darasani) saa mbili. Kitu unaeza kusema bila kukosa heshima: "Shangazi, nashukuru sana, jioni nitakuwa nakusaidia ila wiki za mitihani nitaomba nisome." Umwambie mapema, kabla ya kulala hapo siku ya kwanza.

Natumia kiti cha magurudumu, nafanyaje?

Andika barua ama imeili kwa mkuu wa wanafunzi mapema kabisa, uombe chumba cha chini na uulize kama bafu na choo viko orofa hiyo hiyo, maana nimeona mtu amepewa chumba cha chini na bafu ni ya ngazi. Omba upelekwe kuona kabla ya siku ya kuripoti ju siku hiyo kila mtu ana haraka. Kwa hosteli za nje usiamini mtu akisema kuna lifti, uliza stima ikipotea lifti inafanya aje.

Waifai?

Isiwe sababu ya kuchagua. Ya hosteli usiku wote wakiingia inakufa. Ya kampasi inatosha, pakua vitu ukiwa huko.

HELB itanilipia hosteli?

Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze 2023, unapimwa uwezo wa familia halafu unapewa skolashipu na mkopo kwa viwango tofauti, na pesa ya matumizi ni sehemu ya mkopo. Tatizo ni muda. Boom (hiyo pesa ya HELB ikiingia) mara nyingi haiji wiki ya kwanza, na landilodi hatakungoja. Njoo na pesa ya mwezi wa kwanza pamoja na depositi kutoka nyumbani, hata kama ni kuuza mbuzi, na ukiipata boom lipa rent siku hiyo hiyo kabla hujanunua chochote. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wazuri wakifungiwa mlango Novemba.

Nimeshalipa, nimefika, na hapa hapakaliki. Nafanya nini?

Kwanza tofautisha upweke na ubaya wa mahali. Wiki mbili za kwanza karibu kila mtu anataka kurudi nyumbani, hiyo ipe muda. Lakini kama hakuna maji, ama mlango haufungi, ama kuna mtu anakusumbua, usingoje wiki mbili.

Ndani ya kampasi nenda ofisi ya hosteli uombe kubadilishana, kuna watu wanataka chumba chako kwa sababu kiko karibu na fakalti yao. Nje, rudi kwa ile karatasi uliandikiwa. Mimi mwaka wa pili nilikaa hosteli fulani maji yakakatika wiki tatu, tukawa tunanunua mtungi kwa shilingi 50, na nilipotaka kuhama nikaambiwa depositi hairudi ju sikutoa notisi ya mwezi. Sikuwa na karatasi yoyote. Nikabeba godoro langu usiku huo huo nikaenda kwa yule mtu wa Taita, akafungua mlango akasogeza vitu vyake bila kuuliza swali, na depositi ilibaki huko. Kwa hivyo toa notisi kwa maandishi, hata kama ni meseji ya WhatsApp, piga picha chumba kilivyo siku unaingia na siku unatoka, na uhamie mahali penye umefungua bomba mwenyewe.